Kwenda Ukara kujifunza samadi: maswali yenu na majibu

Kutoka Mwanza nipite wapi, na safari ya maji ni salama? (Msomaji, Buhongwa)

Panda meli hadi Nansio, kisha gari kukatisha Ukerewe hadi Bugorora, halafu kivuko hadi Bwisya, ambako ndiko Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria ambacho wenyeji wake, Wakara, wanajulikana kwa kufuga ng'ombe ndani ili kupata samadi. Asiyependa maji mengi hupitia Bunda hadi Kisorya, akavukia Rugezi, Ukerewe. Usipange kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Usalama unategemea idadi ya watu na mizigo. Kivuko MV Nyerere kilichopinduka karibu na Bwisya tarehe 20 Septemba 2018 kilikuwa na uwezo wa abiria 101. Waliofariki peke yao walizidi 220. Ilikuwa siku ya gulio. Basi epuka siku za gulio, na ukiona chombo kimejaa shuka, hata kama utalala Bugorora.

Tunaweza kuingia tu kijijini na kupiga picha za mazizi? (Kikundi cha wakulima, Magu)

Hapana. Anzeni ofisi ya mtendaji wa kijiji, mwandike majina kwenye daftari la wageni na kueleza shida yenu. Yeye atawaunganisha na mwenyekiti wa kitongoji. Zizi la Kikara kwa asili limo ndani ya nyumba, kwa hiyo kuliomba ni kuomba kuingia chumbani kwa mtu. Na msikate jani wala tawi njiani. Ardhi ni ndogo, watu ni wengi, na tangu zamani mti una mwenyewe, hata nyasi za malisho zina mwenyewe.

Nina ng'ombe watatu Misungwi na shamba la kichanga. Niige nini hasa?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote. Udongo wa Ukara nao ni kichanga cha mawe ya matale, lakini umelimwa mfululizo vizazi na vizazi bila kupumzishwa. Wataalamu waliuandika utaratibu huu tangu miaka ya 1930. Ng'ombe hufungwa kwenye shimo ndani, analetewa majani, na mabaki ya majani hayo yanakuwa matandiko. Siri ni mkojo: matandiko huunyonya, na paa huzuia jua na mvua visiupoteze. Zizi lako la wazi linapoteza sehemu bora ya mbolea kabla hujaigusa.

Kwa hiyo ezeka kwanza. Tandika majani makavu kila siku. Ukikanyaga ukaona maji, ongeza. Ukitoa samadi, irundike kivulini na uifunike hadi isiwe na joto wala harufu kali, maana mbichi huunguza miche. Lenga tani 4 kwa ekari, yaani toroli 80 za kilo 50. Ng'ombe watatu hawatatosha shamba kubwa, kwa hiyo gawa shamba, uweke sehemu moja kila mwaka. Kuitawanya kidogokidogo kila mahali ni kujichosha bure.

Kingine ni mimea ya jamii ya marejea, inayofukiwa ardhini iwe mbolea. Wakara waliipanda katikati ya uwele. Uwele ukivunwa, yenyewe inabaki ikikua, kisha inafukiwa. Wengi hukosea kwa kuchelewa: shina likishakuwa mti linachelewa kuoza, tena linalinyang'anya zao linalofuata kirutubisho cha naitrojeni. Fukia inapoanza kuchanua. Usiwape ng'ombe, hasa mbegu, kwani baadhi ya aina zina sumu.

Naweza kuoga ziwani?

Usioge, wala usitembee majini pembeni. Kichocho kimeenea Ukerewe na Ukara. Kama umeshaingia, kapime baada ya miezi miwili au mitatu. Dawa ya kawaida haiui minyoo michanga, hivyo kuimeza siku ya pili hakukuhakikishii kupona.

Nibebe nini kwa mwenyeji?

Sukari, sabuni, majani ya chai. Atakayekutembeza shambani mkubaliane malipo kabla ya kuanza, maana umemtoa kazini. Nenda na jembe lako: mtu huelezwa mengi zaidi akiwa analima pamoja na mwenyeji kuliko akisimama na daftari.