Maswali ya wasomaji: Programeri anaiva lini?

SWALI: Yaya jambo. Niko Lubumbashi, komini ya Katuba, nilimaliza lisansi ya enformatike. Python najua, PHP najua, JavaScript niko najifunza kwa YouTube, na nimeshamfanyia mama mukubwa programu ya duka yake ya vipuri. Lakini kila fasi naomba kazi wanataka developa mwenye ameiva. Mutu anaiva lini? Akijua lugha ngapi? Na hizi AI zenye zinaandika kode zenyewe, kuko faida ya kuendelea kweli?

JIBU: Mudogo wangu, hesabu ya lugha wacha kabisa. Ukishashika moja vizuri, ya pili na ya tatu zinakuja bila shida kubwa. Mwenye ameiva ni yule unaweza kumuachia programu yenye watu wanatumia kila siku, pesa yao iko ndani, na yeye anajua itavunjika wapi mbele haijavunjika, na ikivunjika anajua pa kuanzia kutafuta.

Tuchukue hiyo programu ya mama mukubwa. Mteja analipa, programu inapunguza stoki, halafu inaandika pesa kwa kese. Umeme unakatika katikati (na huku kwetu utakatika tu), stoki imeshuka, pesa haijaandikwa, jioni mama mukubwa anahesabu anaona mfanyakazi amemuibia, kumbe hapana, ni kode yako. Mwenye ameiva alishafunga vile vitu viwili ndani ya transaksio moja kwa databesi (pale programu inatunza data yake), vinaingia vyote ama haviingii hata kimoja. Ni mistari michache sana, lakini kujua kama inahitajika pale, njo ufundi wenyewe.

Halafu pesa. Fungua Python sasa hivi uandike 0.1 + 0.2, itakujibu 0.30000000000000004. Python haijaharibika, kompyuta inahesabu kwa mbili mbili, na kwa hesabu hiyo moja ya kumi haimaliziki, kama vile kwetu moja ya tatu ni 0.333 mpaka kesho. Kwa hiyo bei ya dola usiiweke kwa float (namba ya nukta yenye kompyuta inahesabu kwa mbili mbili), weka senti kama namba nzima ama tumia Decimal (aina ya namba ya Python yenye inahesabu kwa kumi kumi). Watu walishakufa juu ya kosa la ukoo huu: Februari 1991, kule Dhahran, Saudia, mitambo ya Patriot, ya kuangusha makombora, ya jeshi la Marekani ilikuwa imewaka karibu saa 100 bila kuzimwa, inahesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde zenye zilikatwa mkia, ikapotea kama theluthi moja ya sekunde, kombora la Iraki likapita, askari 28 wakafa. Hii ningependa kila mwanafunzi wa enformatike aisikie mwaka wa kwanza.

Na saa pia. Sisi na Kinshasa ni inchi moja lakini tuko mbele yao na saa moja, kwa hiyo duka ikipata tawi kule, mauzo ya dakika ile ile yataandikwa saa kumi huku na saa tisa kule na rapori zitagongana. Weka wakati kwa UTC (saa moja ya dunia nzima) ndani ya databesi, badilisha tu pale unamuonyesha mutu.

AI tumia, mimi pia natumia, inaandika haraka sana. Lakini usipoiambia, inaweza kukuwekea bei kwa float na mama mukubwa atakuita wewe, haiti AI. Mustari wenye huwezi kumueleza mwenzako usiuingize.

Kitu kingine chenye vijana wengi wanakimbia ni kusoma kode ya wengine, na kwa kazi utasoma kuliko kuandika. Zoea Git (programu yenye inatunza historia ya mabadiliko ya kode), na pale pa kueleza mabadiliko usiandike tu "nimerekebisha", andika kwa nini, juu kisha mwaka mwenye ataifungua pengine ni wewe mwenyewe na utakuwa umesahau yote.

Sasa kwa interviu wakikuuliza kama umeiva, fungua programu ya duka, anza kuuza, chomoa waya katikati, washa tena, uwaonyeshe stoki na kese bado vinapatana. Jaribu nyumbani kwanza mara mingi. Na kama ni laptop toa betri, bila hiyo haitazimika.