Wiki moja ndani ya hema ng'ambo ya Ziwa Nyasa

Mbeya mwezi wa saba jua huchomoza saa moja imeshapita. Ukivuka mpaka wa Kasumulu na kuingia Malawi, saa inarudi nyuma kwa saa moja, na jua lile lile linakuamsha hemani saa kumi na mbili. Jioni saa kumi na moja na nusu linazama. Kwa hiyo neno la kwanza ninalomwambia kila anayetaka kujaribu likizo ya hema ni hili: lifuate jua, usishindane nalo. Anza kupika saa kumi, kwa sababu kumenya vitunguu gizani huku mbu wanakung'ata kunaharibu siku nzima.

Sisi huondoka shule zikifungwa: mimi, mume wangu na watoto wawili. Basi hadi Kyela, tunanunua mchele wa huko huko, tunavuka Mto Songwe pale mpakani na pasipoti zetu (Mtanzania haombi viza Malawi), tunabadili shilingi kuwa kwacha, tunaendelea hadi Karonga. Sokoni pale mume wangu huongea Kinyakyusa chake na anaeleweka vizuri, maana Kyangonde, lugha ya watu wa Karonga, ni lugha ile ile. Akishashukuru kwa "ndaga", na bei huwa nzuri zaidi. Kutoka Karonga tunashuka kusini hadi Chitimba, kando ya ziwa.

Mwaka wa kwanza tulikosea. Kila usiku tulilala kambi mpya, tukitaka kuona kila kitu. Siku nne nilikuwa nakunja na kukunjua hema tu, watoto wamenuna, nguo mbichi kwenye mfuko. Siku hizi tunapiga hema mahali pamoja kwa usiku saba. Siku mbili za kwanza mwili bado una haraka ya mjini. Siku ya tatu unatulia, na raha yenyewe inaanzia hapo. Ukikaa siku mbili ukaondoka, hujaionja.

Hema lenyewe halihitaji kuwa la gharama, ila mchanga wa ufukweni una adabu zake. Vigingi havishiki. Kati ya Mei na Agosti kuna upepo wa kusini wanaouita mwera, unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo, na usiku mmoja ulitung'olea vigingi vyote tukabaki tumeshikilia kitambaa kwa mikono. Mvuvi mmoja ndiye aliyetufundisha asubuhi yake: jaza mchanga kwenye mfuko wa sandarusi, funga kamba ya hema hapo, uchimbie chini kama urefu wa mkono hadi kiwiko. Tangu hapo halijang'oka. Turubai la chini nalo likunje lisizidi ukingo wa hema, la sivyo mvua inateleza juu yake na kuingia chini ya godoro.

Asubuhi mitumbwi inarudi. Wamevua usiku kucha kwa taa, na usipa, dagaa wa ziwa hili, wanaoleta bado wanang'aa. Nusu tunakaanga papo hapo, nusu tunaanika. Baada ya chai watoto wanaingia majini, lakini pale penye mchanga mtupu na mawimbi, si kwenye matete wala maji yaliyotuama. Kichocho kipo ziwani. Tukirudi Mbeya tunasubiri wiki sita hivi, kisha tunakwenda hospitali kupimwa na kupewa dawa. Usilipuuze hilo. Chandarua cha hema kifungwe zipu kabla jua halijazama, hata kama joto linakusumbua. Sisi tuliozoea baridi ya Uyole, kwetu Mbeya, joto lile linatulemea kweli, hivyo mchana tunalala mkekani chini ya mti, na sioni haya kusema kwamba usingizi ule ndio niuwazao mwaka mzima.

Siku moja katika wiki tunapanda Livingstonia, misheni iliyohamia juu ya mlima mwaka 1894. Barabara ina kona kali zipatazo ishirini. Ondokeni alfajiri, bebeni maji ya kutosha, na msikose maporomoko ya Manchewe. Miguu itauma kesho yake, na kesho yake ni siku ya kukaa tu.

Jioni tunakula wali wa Kyela na samaki, tunazima tochi, na taa za wavuvi zinatokea ziwani moja moja. Mwanangu mdogo huzihesabu mpaka analala.

Lakini saa niipendayo ni ile ya alfajiri. Ng'ambo ya maji kuna milima ya Livingstone, na nyuma yake ndiko Ludewa anakoishi mama yangu. Jua linatokea huko. Mtoto anafungua zipu, anatoa kichwa, anauliza kama bibi ameshaamka.

"Ameshaamka," namwambia. "Kaletee jiko kuni."