Jiwe Jeupe Lililoniumbua

Wiki iliyopita msomaji alinitumia picha ya jiwe jeupe linalometameta, na swali fupi: "Hii ni marumaru?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Jiwe la namna hiyo ndilo lililoniangusha.

Ulikuwa mtihani wa vitendo. Mawe kumi mezani, dakika mbili kila moja. Tisa niliyapita bila jasho: itale lenye chembe za waridi, basalti nyeusi, jasi linalokwaruzika kwa ukucha. La mwisho jeupe, chembe zake kama sukari. Nikaandika "marumaru" kwa herufi kubwa, nikatoka nje kifua mbele. Kumbe ni kwatsaiti! Mwalimu akalinyanyua mbele ya wenzangu, akachukua kipande cha kioo kilichokuwa pale pale mezani, akakikwaruza kwa jiwe: kriii. Mfereji ukabaki kwenye kioo. Kile kioo kiliwekwa kwa kazi hiyo, nami sikukigusa. Kicheko cha siku ile bado nakisikia.

Mawe haya mawili yote ni miamba geu. Marumaru ilianza kama jiwe la chokaa, ambalo mara nyingi hutokana na maganda ya viumbe wa baharini; joto na mgandamizo vikazikuza upya chembe zake bila kuziyeyusha. Kwatsaiti ilianza kama jiwe la mchanga. Kwa macho ni pacha. Ila madini yaliyomo ni mengine kabisa: kalsaiti ya marumaru ina ugumu wa 3 kwenye kipimo cha Mohs cha mwaka 1812 (cha 1 hadi 10, namba kubwa hukwaruza ndogo), kwatsi ya kwatsaiti ina 7, na kioo kiko katikati, kama 5.5. (Vigae vya sakafuni navyo watu huviita marumaru, ingawa vingi ni udongo uliochomwa. Tuyaache hayo.)

Kwa hiyo kwaruza kwanza, jina baadaye. Ukishakwaruza, pangusa kwa kidole. Unga mweupe ukifutika na kioo kikabaki laini, basi lililolika ni jiwe. Wengi huuona ule unga wakadhani kioo kimechimbika.

Na nyinyi mnaoota kuwa wanajiolojia, acheni kuamini rangi! Kwatsi safi haina rangi. Ikiwa na chuma kidogo na ikapigwa na mionzi ya asili ardhini, inakuwa zambarau, nanyi mnaiita amethisti. Nawaona mnavyokariri picha. Nilizikariri zaidi yenu. Kwaruzeni, jamani, kwaruzeni.

Msomaji wangu nilimwambia atafute chupa ya kioo, kisha akwangue unga kidogo wa jiwe na kuudondoshea siki. Kalsaiti ingetoa povu. Jana kajibu: chupa ina mfereji unaoshika ukucha, na unga wenyewe haukukwanguka, ni kisu kilichoacha alama ya kijivu juu ya jiwe. Nikamwambia si marumaru. Hajafurahi, alishawatangazia watu.