Ndoo mbili za maji kwa udhu mmoja

Mie wa Wete, Pemba, na haya nayaandika maana najua yupo mwenzangu sasa hivi kajifungia chooni anaosha kiwiko mara ya kumi na mbili na nje mlango unagongwa. Ni maradhi ya wasiwasi wa kurudia rudia, madaktari huyaita OCD, na mie yalinianza baada ya kujifungua mtoto wa pili. Mwanzo nilikuwa narudia nia tu, kisha uso, mara nikawa namaliza kabisa nikiinuka moyo unanambia kisigino hakikupata maji, narudi mwanzo. Alfajiri naingia adhana haijaisha, natoka jua lishachomoza na sala ishanipita, ndoo mbili kwa udhu mmoja na maji yenyewe ya kuteka.

Nyumbani kila mtu na lake. Nikaambiwa nimechezewa, nikanyweshwa kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa zikaoshwa, nikasomewa. Sisemi kisomo kibaya, mpaka leo nyiradi zangu nasoma, lakini kisigino kilibaki palepale. Baba watoto maskini akawa anasimama mlangoni, "ushapata bwana, toka", napoa dakika tano namuuliza tena. Kumbe lile jibu lake ndilo lililokuwa likinipa njaa ya jibu jengine.

Daktari wa kwanza alinipa vidonge vya usingizi, nikalala vizuri, nikaamka na wasiwasi wangu vilevile. Tena vidonge vya aina hiyo mwili huvizoea, kuviacha ni kazi nyengine. Mwisho nikapelekwa Unguja, Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, nililia boti nzima, si mnajua kwetu ukitajwa pale watu washakufunga kamba. Daktari akaniuliza, we unaamini kweli maji hayakufika? Nkamwambia hapana, najua yamefika, lakini siwezi kutoka. Akasema basi huo si wazimu.

Zamani maradhi kama haya yalitiwa kapu moja likaitwa nyurosi, kuanzia hofu za ghafla za moyo kwenda mbio mpaka huku kurudia rudia. Wamarekani kwenye kitabu chao cha madaktari wa akili walilivunja hilo kapu mwaka 1980, sasa kila ugonjwa unatajwa kwa jina lake na kutibiwa kivyake. Na wale wanaosema haya mambo ya kizungu, mwanachuoni wa Kiislamu Abu Zayd al-Balkhi aliyekufa mwaka 934 alishaandika kuhusu wasiwasi wa nafsi na namna ya kuutibu, kwa hiyo tusidanganyane.

Dawa iliyonifaa khasa ilikuwa chungu kuliko vidonge. Kopo moja la maji, yakimalizika natoka, sirudi, simuulizi mtu. Siku ya kwanza nilisali natetemeka najiona sina udhu, jasho linanitoka, ikachukua kama dakika arubaini ndo nikatulia, na nilitulia mwenyewe bila kuosha tena. Hapo ndo nilipofahamu, ule wasiwasi ukiuacha usipoutumikia unachoka. Ila mie nilifanya na mtaalamu, tulianza na vitu vidogo vidogo, usijirushe peke yako.

Sheikh wetu naye alinisaidia, akanambia yakini haiondoki kwa shaka, na Mtume (SAW) akitawadha kwa mudi moja, haifiki hata lita. Nilimuuliza mara moja tu. Daktari alinitahadharisha ukimuuliza sheikh kila siku huyo anakuwa mfereji mwengine wa kuoshea.

Vidonge nilimeza pia, fluoksetini, dawa wanayopewa hata wenye ugonjwa wa huzuni. Wiki ya kwanza kichefuchefu tu, nikataka kutupa. Kwa maradhi haya hutaka subira, huenda miezi miwili mitatu ndo uone tofauti, na dozi mara nyingi inakuwa kubwa kuliko ya mtu mwenye huzuni. Ukipata nafuu usiache ghafla, muulize aliyekupa.

Na wewe ambaye wasiwasi wako si maji, ni mawazo mabaya yanakujia ya kumdhuru mwanao mchanga na unayachukia mpaka unaogopa kumshika, hilo nalo linajulikana, halikufanyi muuaji, mwambie daktari usione haya. Lakini ukianza kusikia sauti, au ukaona kweli unataka kujimaliza, usingoje apoimenti, nenda siku hiyohiyo.

Kujikinga moja kwa moja sijui nani ataahidi. Mie kinachonisaidia ni usingizi, maana nikikesha siku mbili kisigino kinaanza kuniita, na kuuwahi ungali mdogo. Mzazi aliyetoka kujifungua muangalieni, asiachiwe peke yake na mtoto na usiku.

Binti yangu ana miaka tisa, mwezi huu kaanza kuniuliza kama nguo yake imegusa najisi. Nikamjibu hapana. Jana karudi na suali lilelile, nkamwambia nshakujibu mwanangu. Kanuna pale mlangoni, kasimama, kasimama, halafu wenzake wakamwita kwenda kuruka kamba.