Usiiruke sehemu ya mahakamani

Shoga, umesema kile kitabu cha kesi ya Charles Manson, yule kiongozi wa kundi la wauaji kule Marekani, kinachosha kikifika mahakamani na unataka kuruka kurasa. Usiruke! Kwangu mie utamu uko pale pale. Usiku ule wa Agosti 1969 walipouawa watu nyumbani kwa Sharon Tate, mwigizaji wa filamu, naye akiwemo, Manson mwenyewe hakuwepo. Aliwatuma wafuasi wake. Sasa utamtia hatiani vipi mtu ambaye hakuwemo nyumbani? Shahidi mkubwa alikuwa Linda Kasabian, aliyekwenda nao akabaki nje. Hata maneno yaliyoandikwa kwa damu kwenye friji, katika nyumba ya pili usiku uliofuata, tena kwa herufi zilizokosewa, yaligeuka ushahidi.

Ila hadhari moja: aliyeandika kitabu ndiye mwendesha mashtaka wa kesi ile ile, na mwamba ngoma huvutia kwake. Hoja yake kwamba Manson alitaka kuzusha vita baina ya weusi na weupe hainiingii yote. Barazani kwetu Kikwajuni wanabishana hilo hilo mpaka kahawa inapoa, na siku hizi lazima mtu aichomeke Shakahola humo, yale mauti ya wafuasi wa mhubiri kule Kenya.

Ukimaliza niazime, changu kimekwama kwa mtu Mkoani.