Simu mpya: maswali yenu kuhusu chaji, bando, kuhama na wizi

Barua tunazojibu mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wa Nairobi na viunga vyake walionunua simu karibuni. Majibu ni ya simu za Android. Majina ya menyu tumeyaandika kwa Kiswahili, na kila kampuni huyageuza kidogo. Ukikosa menyu tuliyoitaja, fungua Mipangilio na uandike neno unalotafuta kwenye kisanduku kilicho juu.

Nimenunua simu ya betri ya mAh 5000, lakini kufika saa nane mchana imebaki asilimia 15. Muuzaji aliniagiza niiache kwenye chaji usiku mzima kabla ya kuiwasha, nami sikufanya hivyo. Je, nimeiharibu?
Msomaji, Umoja

Hujaiharibu, ndugu. Agizo hilo lilizifaa betri za nikeli za simu za zamani. Betri ya lithiamu hutoka kiwandani ikiwa na chaji kiasi, na huhitaji kuiandaa kwa namna yoyote.

Siku tatu nne za mwanzo usizitumie kuipima. Simu mpya inapakua masasisho, inarudisha programu zako na kupanga picha ili uweze kuzitafuta baadaye, na kazi hiyo yote hula chaji chini kwa chini. Wiki ikiisha, ingia Mipangilio, Betri, kisha Matumizi ya betri. Ukikuta juu ya orodha kuna programu za video ulizozitazama mwenyewe, hakuna hitilafu. Ukikuta programu ambayo hujaigusa tangu asubuhi, mara nyingi mchezo au ile inayodai kusafisha simu, iguse na uizuie kufanya kazi chinichini, au iondoe kabisa. WhatsApp usiizuie, kwa sababu ujumbe utachelewa kuingia mpaka uifungue. Programu ya M-PESA waweza kuizuia bila hofu, kwani ujumbe wa pesa huja kwa SMS.

Wengi hawaushuku mtandao. Ukishinda kwenye duka la chini ya ardhi au ndani ya kuta nene za mawe, simu hulazimika kuongeza nguvu ya kutuma ili ifikie mnara, na betri ndiyo inayolipa. Pale ambapo 5G inakuja na kupotea, ingia Mtandao na intaneti, SIM, uchague 4G. Skrini yenye kasi ya 120Hz (inayojichora upya mara 120 kwa sekunde) ishushe hadi 60Hz, na muda wake wa kuzima uwe sekunde 30. Halafu acha kufagia programu zote kila baada ya dakika chache. Programu unayoitumia mara kwa mara hula chaji zaidi ikianza upya kuliko ikiachwa imelala.

Sasa geuza chaja yako usome maandishi madogo. Utaona kitu kama 5V 2A. Zidisha, upate wati 10. Ikiwa 9V 2A, ni wati 18. Betri ya mAh 5000 hubeba takriban saa-wati 19 (yaani wati 19 kwa saa moja), kwa hiyo, ukijumlisha umeme unaopotea njiani, chaja ya wati 10 itachukua saa mbili na nusu hivi, ya wati 5 mara mbili yake, na tundu la kawaida la USB 2.0 la kompyuta, lenye wati 2.5, siku nzima ya kazi. Simu iliyoandikwa "wati 33" haifiki hapo kwa kila chaja: chaja, kebo na simu lazima zielewane, na kebo nyembamba ya bei ya chini ndiyo inayoshindwa kwanza.

Kinachozeesha betri ni joto. Usichaji simu chini ya mto, wala usiiache kwenye dashibodi juani. Simu nyingi mpya zina chaguo la kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Liwashe kama huwa unachaji usiku. Na stima ikipotea, chomoa chaja, usubiri dakika chache baada ya stima kurudi ndipo uirudishe. Umeme unaorudi kwa kishindo umeua chaja nyingi mitaani kwetu.

Bando la GB 1 halimalizi siku. Kwenye simu yangu ya zamani lilikuwa linakaa siku tatu, na sijabadilisha matumizi.
Mama wa watoto wawili, Kayole

Matumizi yako hayajabadilika, dada, ila simu mpya imekuja na kila kitu kimewashwa. Anza na WhatsApp: vitone vitatu vya juu, Mipangilio, Hifadhi na data. Kwenye sehemu ya kupakua midia ukitumia data ya simu, ondoa alama zote nne: picha, sauti, video na hati. Kuanzia hapo video za kundi la kanisa na la shule zitakungoja uziguse mwenyewe.

Kisha fungua Play Store, uguse picha yako juu, Mipangilio, Mapendeleo ya mtandao, uamuru programu zisasishwe kwa waifai pekee. Fanya hivyo pia kwa hifadhi rudufu ya Google Photos. Kwenye YouTube teua ubora wa 480p unapotumia data ya simu: saa moja hula karibu nusu GB, ilhali ubora wa 1080p hula mara tatu ya hiyo au zaidi, na kwenye skrini ya inchi sita tofauti ni ndogo sana.

Ukishamaliza hayo, washa Kiokoa Data chini ya Mtandao na intaneti, na uiruhusu WhatsApp isizuiwe. Iwapo huwa unawapa watoto intaneti ya laptopu kupitia simu yako, huenda hapo ndipo penye kidonda. Laptopu huiona simu yako kama waifai isiyo na kikomo na kuanza kupakua masasisho yake. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya mtandao huo na uweke alama kuwa ni muunganisho wa kupimwa.

Luthuli Avenue nimeonyeshwa simu ya "RAM GB 12" kwa bei ya chini kuliko nyingine ya GB 6. Ninunue?
Mwanafunzi, Kahawa West

Omba uishike, ufungue Mipangilio, Kuhusu simu. Mara nyingi utaona 4 GB + 8 GB. Zile 4 ndizo RAM halisi. Zile 8 zimekopwa kwenye hifadhi ya simu. RAM ni meza unayofanyia kazi, na hifadhi ni stoo: ukiita sehemu ya stoo meza, bado utakuwa unainuka kila dakika kwenda kuchukua vitu. Hifadhi ni ya polepole mno ukilinganisha na RAM, kwa hiyo simu ya GB 6 halisi itaishinda hiyo ya 4 kwa 8 ukiwa na programu kadhaa wazi. Kwa maoni yetu, GB 4 halisi sasa ni kidogo kwa mtu anayetaka simu imdumu miaka mitatu.

Ukiwa bado dukani, bonyeza *#06#. Nambari ya IMEI, yaani ya utambulisho wa simu, itakayotokea lazima ifanane na iliyo kwenye boksi na kwenye risiti. Simu bandia si hadithi ya juzi: mwisho wa Septemba 2012 Tume ya Mawasiliano iliamuru zizimwe kote nchini, na waliouziwa ndio waliopata hasara.

Ikiwa ni ya mkono wa pili, usiilipe kabla muuzaji hajaondoa akaunti yake ya Google mbele yako, kisha akaifuta simu yote kupitia Mipangilio. Akiifuta kwa vitufe vya pembeni bila kuondoa akaunti, simu itadai nenosiri la mwenyewe wa kwanza, nawe hutalipata. Baada ya kufutwa, iwashe na uiunganishe na intaneti palepale. Simu iliyochukuliwa kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo hujitambulisha ikifika mtandaoni, na deni lisipolipwa hufungwa, hata kama wewe ulilipa taslimu.

Ninahamaje bila kupoteza mazungumzo ya WhatsApp na namba za wateja? Nauza mitumba Gikomba, na wateja wangu wote wako humo.
Mfanyabiashara, Eastleigh

La kwanza, simu ya zamani usiiuze wala kuifuta mpaka wiki moja ipite.

Namba za wateja ziko mahali patatu panapowezekana: kwenye laini, kwenye simu au kwenye akaunti ya Google. Zilizo kwenye akaunti zitajileta zenyewe ukiingia kwa akaunti ile ile. Kwa zilizobaki, fungua programu ya Anwani kwenye simu ya zamani, uingize za laini ndani ya akaunti, na zile za simu uzihamishie huko pia. Linganisha idadi kabla ya kuendelea.

WhatsApp ina njia mbili. Ya kwanza: kwenye simu ya zamani ingia Mipangilio, Gumzo, Hifadhi rudufu ya gumzo, uhifadhi ukiwa kwenye waifai. Kwenye simu mpya ingia kwa akaunti ile ile ya Google na namba ile ile ya simu, nayo itakuuliza kama urejeshe. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa sababu swali hilo huulizwa wakati wa kusajili tu. Ukiruka kwa haraka, itabidi uondoe WhatsApp na kuiweka upya, na ufanye hivyo kabla hifadhi mpya haijachukua nafasi ya ile ya zamani. Jihadhari pia na nafasi: Google hutoa GB 15 za bure kwa barua pepe, picha na hifadhi ya WhatsApp kwa pamoja. Zikijaa, hifadhi haikamiliki, na usipoangalia tarehe yake hutajua.

Ya pili tunaipendelea kwa mtu mwenye picha nyingi za bidhaa kama wewe. Ndani ya menyu ya Gumzo kuna chaguo la kuhamisha gumzo. Simu mbili zikiwa karibu, waifai na huduma ya mahali (location) vikiwa vimewashwa, moja husoma msimbo wa mraba (QR) kwenye nyingine na kila kitu hupita moja kwa moja. Haili bando wala haigusi zile GB 15. Ziweke zote mbili kwenye chaji, usizifunge mpaka kazi iishe.

Pesa za M-PESA ziko kwenye laini, haziko kwenye simu, basi hamisha laini tu. Kama laini ni kubwa kuliko tundu, usiikate kwa makasi. Nenda na kitambulisho upewe kadi ndogo yenye namba ile ile. SMS za zamani za M-PESA huenda zisihame, lakini taarifa ya malipo waweza kuiomba kupitia *334#.

Nimenyang'anywa simu mbili kupitia dirisha la matatu. Hii ya tatu niilinde vipi?
Msomaji, Githurai

Pole sana. Anayekunyang'anya simu hutaka mambo mawili: kuiuza, na kuingia kwenye pesa zako. Hili la pili ndilo linaloumiza, na unaweza kulizuia leo.

Weka PIN ya tarakimu sita kwenye skrini. Mchoro wa kufungulia unaouburuta kwa kidole huacha alama ya mafuta kwenye kioo. Inamisha simu kwenye mwanga uione. Kisha funga laini yenyewe: Usalama, Kufunga SIM. Laini isipofungwa, mwizi huichomeka kwenye simu nyingine na kupokea namba za uthibitisho za akaunti zako. PIN ya kwanza ya laini iulize kwa mtandao wako au uisome kwenye kadi iliyoibeba, usikisie. Ukikosea mara tatu laini itadai PUK, yaani namba ya kuifungulia, na ukikosea PUK mara kumi laini imekufa.

Chini ya mipangilio ya Google kuna Ulinzi dhidi ya wizi, kwa simu za Android 10 kwenda juu. Ukiuwasha, simu hutambua kwa vihisi vyake kwamba imenyakuliwa na inakimbizwa, ikajifunga. Washa pia kufunga simu ikikosa mtandao. Halafu ficha maudhui ya arifa kwenye skrini iliyofungwa, ili ujumbe wa uthibitisho usisomeke. Futa picha ya kitambulisho iliyo kwenye simu, na utoe nakala yake nyuma ya kava. Mtu mwenye laini iliyo wazi pamoja na namba yako ya kitambulisho ana pa kuanzia, na Fuliza, mkopo wa M-PESA, inaweza kukuachia deni juu ya hasara.

Andika IMEI kwenye karatasi iliyo nyumbani. Utaihitaji ukienda polisi kuchukua abstrakti, yaani hati ya kuripoti wizi. Kutoka kwenye akaunti ya Google toa kwenye karatasi namba kumi za dharura za kuingilia (backup codes). Bila hizo, ukijaribu kuingia kwa simu ya rafiki, Google huenda ikatuma uthibitisho kwenye simu iliyoibwa.

Simu ikienda, azima nyingine papo hapo. Fungua android.com/lock uandike namba yako ya simu ili kufunga skrini. Lazima uwe umeliwasha chaguo hilo mapema kwenye menyu ile ile ya wizi. Piga huduma kwa wateja wafunge laini, kwa Safaricom ni 100. Kuitafuta kwenye ramani ni baadaye, na usiifuate mwenyewe.

Baba yangu wa miaka 74 haoni maandishi na vidole vinamshinda kuandika.
Msomaji, Rongai

Mipangilio, Skrini, Ukubwa wa maandishi. Ongeza hatua mbili, kisha ukubwa wa skrini hatua moja. Zaidi ya hapo vitufe vya baadhi ya programu hukatika. Kuandika kwa sauti kunawezekana: kwenye Gboard ongeza Kiswahili (Kenya), naye Mzee aguse maikrofoni aseme kwa mwendo wake wa kawaida. Atamke neno zima zima, asilikate kwa silabi, kwani programu hutegemea maneno ya jirani kukisia lile linalotamkwa.