Waranti ya RAV4 na lile gari la kijani: barua kwa mwanangu Aika

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu Aika,

Sisi hatujambo, mvua imeanza, na bibi yako wa Kibosho anakusalimu. Ujumbe wako nimeupata na zile picha 3 za mkataba. Baba yako alinisomea mara ya kwanza, mara ya pili nikavaa miwani nikasoma mwenyewe, maana yeye huruka maandishi madogo. Umeniuliza jambo moja: hiyo RAV4 ya yadi ya Arusha bei yake 14,500,000, na ukiongeza 850,000 wanakupa waranti ya miezi 12 ya injini na giaboksi. Ulipe au usilipe? Ukasema nikujibu kwa kifupi kwa sababu jamaa anataka jibu Jumatano.

Kwa kifupi sitaweza, mama yangu. Na hiyo Jumatano siipendi. Umesema mwenyewe gari limekaa pale tangu mwezi wa tatu. Leo ndiyo limepata haraka?

Wewe unaniuliza habari za karatasi, mimi nataka kukuuliza habari za mtu. Muuzaji humjui siku ya kununua, unamjua siku ya kurudi. Neno hilo nimewaimbia tangu mko wadogo mpaka mkalizoea. Ila wewe sijawahi kukueleza nililipata wapi, na nadhani sasa umefika umri wa kuelezwa.

Unalikumbuka lile gari la kijani. Ninyi mnalikumbuka kwa Krismasi, mmekaa nyuma juu ya magunia tunapanda kwa bibi, kaka yako anaimba. Mimi nalikumbuka kwa siku 2: siku niliyolinunua na siku lilipokufa Kikatiti, njiani kwenda Arusha.

Nililinunua Novemba 2006, hela ya ndizi ya miaka minne. Hilux ya dizeli, injini ya aina ya 2L. Nilikwenda na baba yenu mdogo saa mbili asubuhi, kama tulivyopatana na mwenye gari. Tukalikuta limeoshwa, linang'aa. Akaliwasha, likashika kwa stata moja, halikutoa moshi wala kugonga. Nikasogea nikaweka mkono juu ya boneti. Ilikuwa na joto. Saa mbili asubuhi, hatujaenda popote, boneti ina joto! Nikasema moyoni, huyu baba ni mwungwana, ameamka mapema kutuandalia gari. Mpaka leo nikikumbuka kile kiganja changu pale juu ya bati, kinaniwasha.

Akaniandikia karatasi kwa mkono wake: dhamana ya injini, miezi 3. Sahihi, muhuri, tarehe. Nikaikunja nikaiweka ndani ya Biblia.

Januari 2007 nikapakia mikungu 40 ya Kibosho kupeleka soko la Kilombero, Arusha. Unaijua barabara ile: Moshi tuko kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, Arusha inakaribia 1,400, na sehemu kubwa ya huo mlima unaupanda ukishapita njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA. Wewe ukiwa kwenye basi huoni, lakini gari lenye mzigo linaona. Kikatiti mshale wa joto ukapanda, na kabla dereva hajatafuta pa kuegesha, mvuke ukatoka puu, hatuoni mbele. Tukavutwa kwa kamba mpaka gereji moja Usa River.

Fundi wa pale alikuwa mzee, mikono imejaa makovu ya moto. Kabla hajashika spana akaniuliza: "Mama, gari lina dhamana? Kama lina dhamana mpigie aliyekuuzia aje alione hivi lilivyo. Nikishafungua hapa hakuna atakayejua lilikuwaje."

Mwanangu, alinionya. Nilimpigia yule muuzaji mara 2, simu inaita haipokelewi. Ndizi ziko juani, mnunuzi Kilombero anasema ikifika saa nane anachukua mzigo wa mtu mwingine. Nikamwambia fundi fungua.

Akaanza na kofia ya oili. Akaigeuza akanionyesha upande wa ndani: ute mzito, rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye oili. Akatoa silinda hedi, kile kipande cha juu cha injini chenye valvu, akaifuta kwa tambara lenye petroli, akaniita niiname. Kati ya valvu 2 palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na juu ya ufa kuna gundi ya chuma ya zamani, imepigwa msasa ikalainika sawasawa. Kisha akanionyesha mahali pa thamostati. Patupu. Akanieleza taratibu, kama mwalimu: thamostati ndiyo inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake. Wengine gari likianza kuchemsha huing'oa, maji yazunguke wakati wote, na gari hupata wiki kadhaa za kuonekana zima. "Aliyekuuzia alijua," akasema.

Kesho yake nikarudi Moshi kwa muuzaji na karatasi yangu. Aliisoma yote kwa sauti, pole pole, kana kwamba hakuiandika yeye. Akaniuliza, "Nani amefungua injini?" Nikamwambia. Akairudisha mezani, akaisukuma kwangu kwa vidole viwili. Akasema injini aliyoidhamini ni ile ambayo haijafunguliwa, na hiyo gundi labda ni ya huyo fundi wangu wa Usa River.

Sikuwa na la kujibu. Ufa niliuona kwa macho yangu, gundi niliiona, lakini ushahidi niliuvunja mwenyewe saa sita mchana kwa ajili ya mikungu 40.

Hedi nyingine, gasketi, oili na ufundi vilikula 650,000. Na hela hiyo, Aika, ilikuwa ya shule yako. Unakumbuka ulichelewa kuripoti kidato cha kwanza kwa siku 16, tukakuambia fundi cherehani hajamaliza sare? Sare ilikuwa tayari, nimeifungia kabatini. Ulikuwa unakaa mlangoni na lile sanduku lako la bati kila asubuhi, nami napita nyuma yako kwenda kukopa. Sikutaka ulichukie gari. Tena sikutaka ujue kwamba niliweka mkono kwenye boneti ya moto nisielewe kwamba alilipasha moto kabla hatujafika, ili lisionyeshe ugonjwa wake likiwashwa la baridi.

Sasa baba yako anasema, na amesema tangu mwaka ule, kwamba kosa si la dhamana, kosa ni la haraka. Ningesubiri hata siku moja, yule mtu angebanwa. Mimi husema mtu asiyepokea simu siku ya kwanza hatapokea siku ya tatu. Tumebishana hivyo miaka yote hii. Usiku mwingine namwona ana haki. Karatasi ile haikuwa mbaya. Kama ningekaa kando ya lile gari na ndizi zangu zikaoza, huenda shule ungeripoti kwa wakati. Siwezi kujua.

Na lazima niwe mkweli kwako upande wa pili. Baba yako mdogo aliuziwa Noah yenye waranti, giaboksi ikaanza kuteleza mwezi wa 5, akaipeleka, wakaifungua mbele yake, wakaweka nyingine. Hakulipa hata senti. Kwa hiyo nikikwambia waranti zote ni udanganyifu nitakuwa nasema uongo, na bado nasimama palepale: muuzaji humjui siku ya kununua, unamjua siku ya kurudi. Hao wa Noah waliporudiwa walionekana. Je, hao wako wamesharudiwa na nani? Tafuta mtu aliyewahi kuwapelekea gari bovu. Usiridhike na aliyenunua akafurahi.

Tuje kwenye mkataba wako. Wamesema waranti inaanza siku ya 31. Maana yake mwezi wa kwanza, ambao ndio ugonjwa uliofichwa hutoka nje, uko peke yako. Wamesema watalipa mpaka 2,000,000 basi. Uliza hiyo 2,000,000 ni ya spea tu au na ufundi humo humo, na kama ni kwa kila tatizo au kwa mwaka mzima, maana hawakuandika. Wamesema sevisi kila kilomita 5,000 kwenye gereji yao na risiti utunze. Hilo silipingi, mali bila daftari hupotea bila habari, ila ujue bei ya sevisi yao kabla ya kusaini. Wamesema ubovu wowote waletewe kabla ya fundi mwingine kugusa. Nilipofika hapo niliweka simu chini nikanyamaza kidogo.

Halafu kuna ule mstari wa chini kabisa, ambao baba yako aliuruka: "haihusu madhara yatokanayo na injini kuchemsha." Aika, injini ya gari la namna hiyo itakufa kwa nini kingine? Ukiacha kukaukiwa oili, kuchemsha ndiyo kifo chenyewe. Tena nilimtumia fundi wetu picha ya lile bango la boneti, akasema hiyo ni injini ya aina ya 1AZ, na 1AZ za mwanzo zinajulikana: nyuzi za bolti za silinda hedi huachia kwenye bloku, gasketi iliyo kati yake inapitisha maji, maji yanapungua kidogo kidogo bila kuona yanapomwagikia, kisha linachemsha. Yaani wanakuuzia mwavuli wenye tundu mahali hasa mvua inapopiga. Waambie waufute mstari huo na waweke sahihi pembeni. Wakikubali, nitaanza kuwafikiria vingine. Wakikataa, utakuwa umejibiwa.

Uliandika pia kwamba hata hivyo una mpango wa kukata bima kubwa. Kata, lakini usichanganye. Bima kubwa ni ya ajali, moto na wizi. Injini iliyochoka yenyewe si kazi yake.

Kaka yako naye ameleta sheria. Anasema Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa hata bila waranti, isipokuwa kasoro ambayo ungepaswa kuiona ulipokagua. Vizuri. Lakini kesi inakwenda kwa tarehe, na wewe kila asubuhi unatakiwa kazini.

Nimewaza pia hiyo 850,000 uiweke kwenye kikoba chako kama hisa, likiharibika ukope humo, lisipoharibika Desemba mkivunja ni yako. Hilo lilinipendeza sana jana usiku. Asubuhi nikajipinga mwenyewe, kwa sababu hedi ikipasuka mwezi wa pili 850,000 haitoshi, na kwa sababu nakufahamu wewe na moyo wako: utatokea msiba Rombo, itatokea harusi, na hela ya gari itakuwa ya kwanza kuguswa. Hela iliyoko kwao huigusi. Naona uzuri wake huo.

Kwa hiyo nisemeje? Nilikuwa nimeandika jibu hapa, neno moja, nikalikata. Nikikwambia usilipe na injini ikafa mwezi wa nne, nitakaa tena na lile sanduku la bati kichwani mwangu. Nikikwambia lipa, utasaini ukiwa na amani kwa sababu mama amesema, na amani hiyo ndiyo inayoniogopesha, maana mimi nilikuwa nayo tele siku ile. Ni gari lako na mshahara wako. Amua wewe. Ila nakuomba usiamue kabla ya Jumamosi, na huyo wa yadi mwambie mama yako ndiye anayechelewesha.

Jumamosi fundi wetu anapanda basi la kwanza, nimeshampa nauli. Mpokee stendi, mwende moja kwa moja, chai mtakunywa baadaye. Afungue kofia ya oili, afungue rejeta, apapase mahali pa thamostati, ausome na ule mkataba. Mwachie nafasi, usimsemeshe.

Na Ijumaa jioni mpigie muuzaji umwambie asiliwashe gari mpaka mfike. Atasema sawa. Ukifika, kabla hujasalimia mtu, weka kiganja juu ya boneti.

Ni mimi mama yako